Sikukuu za Mwisho wa Mwaka Katika Familia Mwenyeji Ujerumani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya vijana kutoka Tanzania na Kenya wanaoishi na familia mwenyeji nchini Ujerumani, wengi wao wakiwa au pair (kijana anayeishi na familia na kusaidia kuwaangalia watoto, akipewa chumba, chakula na pesa ya mfukoni) na wengine wakiwa katika mwaka wa kujitolea, ambao watakuwa huko Desemba kwa mara ya kwanza. Wazazi waliobaki nyumbani wanaweza pia kuyasoma, kwa sababu sehemu ya wasiwasi wa msimu huu hutoka kwao.

Kwa nini nashauriwa kuzungumza na familia kuhusu Krismasi tangu Novemba?

Kwa sababu Wajerumani huipanga Krismasi mapema sana, na kwa sababu wewe umelelewa kusubiri uambiwe. Kwetu mgeni mwenye adabu haulizi atalala wapi wala atakula nini; mwenyeji ndiye anayewajibika kuyafikiria hayo yote. Katika nyumba ya Kijerumani mambo huenda kinyume: mtu mzima anatarajiwa kusema anachotaka, na akinyamaza huchukuliwa kuwa ameridhika. Hapo ndipo huanzia maumivu mengi ya Desemba. Familia inadhani au pair wao angependa kukaa na marafiki zake, naye anadhani hawamtaki mezani, na hakuna upande uliokuwa na nia mbaya.

Omba nafasi ya kukaa pamoja nao jioni moja, watoto wakiwa wamelala, na uulize waziwazi: mtakuwa wapi kuanzia tarehe 23 Desemba hadi tarehe 2 Januari? Nani atakuja? Je, mngependa niwe nanyi tarehe 24? Ni siku zipi nitakuwa kazini na zipi nitakuwa huru? Maswali haya si utovu wa adabu huko. Yataipa familia nafuu, kwa kuwa nao mara nyingi hawajui wakuulizeje.

Msimu wenyewe huanza lini?

Huanza na Majilio, yaani Jumapili nne kabla ya Krismasi. Mezani huwekwa shada la matawi ya msonobari lenye mishumaa minne, na kila Jumapili huwashwa mmoja zaidi. Watoto hupewa kalenda yenye vidirisha 24, na hufungua kimoja kila siku. Masoko ya Krismasi hufunguliwa katika miji mingi mwishoni mwa Novemba. La Dresden lina historia inayoanzia mwaka 1434, na la Nürnberg hujulikana dunia nzima. Divai ya moto inayouzwa humo ina kilevi, lakini karibu kila banda huwa na kinywaji cha moto cha watoto kisicho na kilevi, na hakuna atakayekushangaa ukikiagiza.

Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba watoto husafisha viatu vyao na kuviweka mlangoni, na asubuhi huvikuta vimejaa karanga, machungwa na chokoleti za Mtakatifu Nikolao. Weka na chako. Familia nyingi hufurahi kuona umeshiriki bila kuombwa.

Ni nini hasa hufanyika tarehe 24 Desemba?

Hii ndiyo siku yenyewe. Nyumbani tunajiandaa kwa tarehe 25: nguo mpya, ibada ya asubuhi, kisha pilau, na mlango ulio wazi kwa jirani, shangazi na yeyote anayepita. Ujerumani kilele ni jioni ya tarehe 24, na mlango hufungwa. Maduka hufungwa mchana, mengi ifikapo saa nane, na hayafunguliwi tena hadi tarehe 27, kwa kuwa tarehe 25 na 26 zote mbili ni sikukuu za kitaifa. Tarehe 27 ikiangukia Jumapili, utasubiri hadi 28. Kwa hiyo sabuni, dawa ya meno, muda wa maongezi na chochote unachokula wewe peke yako kinunuliwe kabla.

Alasiri familia nyingi, hata zile zisizokanyaga kanisani mwaka mzima, huenda kwenye ibada ambamo watoto huigiza kuzaliwa kwa Yesu. Makanisa hujaa, kwa hiyo hufika mapema. Msharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) atatambua kwamba tuni kadhaa anazozijua tangu utotoni zinaimbwa hapa kwa maneno ya asili, jambo lisilo la ajabu ukikumbuka kwamba wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893 na kwamba hadi leo sharika nyingi za Kijerumani zina udugu na dayosisi za Tanzania. Ukiwa na asili hiyo, iambie familia. Huenda kanisa la mtaani kwao lina uhusiano na sehemu unayoijua.

Baada ya ibada watoto husubiri nje ya sebule. Kengele ndogo hulia, mlango hufunguliwa, na mti unaonekana umewashwa taa, zawadi zikiwa chini yake. Baadhi ya familia bado hutumia mishumaa halisi mtini, na huweka ndoo ya maji karibu, ukiiona, usiiondoe. Chakula cha jioni hiyo huweza kukushangaza kwa wepesi wake: katika nyumba nyingi ni saladi ya viazi na soseji. Usidhani wamekubania. Karamu kubwa ya bata bukini au nyama ya kuoka, pamoja na kabichi nyekundu, kwa kawaida huja tarehe 25, mababu na mabibi wanapowasili.

Je, jioni hiyo mimi ni mwanafamilia, mgeni au mfanyakazi?

Ni swali zito kuliko yote katika orodha hii, na linastahili jibu la kweli. Kwa mujibu wa mpango wa au pair wewe unapokelewa kama sehemu ya familia, lakini familia hii ina desturi zake za miaka mingi ambazo wewe hukuwamo. Kutakuwa na vichekesho usivyovielewa na picha za zamani ambazo hakuna atakayekumbuka kukueleza. Hilo halina maana kwamba umetengwa.

Kinachosaidia ni kuwa na jambo moja lililo lako katika jioni hiyo. Omba uwasomee watoto mistari ya Luka sura ya pili kwa Kiswahili, au uandae sahani moja, au upambe sehemu ya mti. Mtu aliye na la kufanya hukaa mezani kwa utulivu. Vilevile si lazima ubaki hadi mwisho: baada ya zawadi na chakula unaweza kuwashukuru wote, ukasema kwamba ungependa kuwapigia wazazi wako, na ukaenda chumbani. Kumbuka kwamba wakati wa baridi Afrika Mashariki iko mbele kwa saa mbili, hivyo saa mbili usiku kwako ni saa nne usiku kwao. Ukichelewa utawakuta wamelala.

Kuhusu kuwaita wakubwa: wazazi wenyeji wengi watataka uwaite kwa majina yao ya kwanza, jambo linalomkereketa yeyote aliyefundishwa kuamkia. Lizoee. Lakini mababu na mabibi wanaofika tarehe 25 usiwaite kwa jina kabla wenyewe hawajakuruhusu. Waulize wazazi mapema namna wanavyopenda kuitwa.

Watoto wakiniuliza kama huyo anayeleta zawadi yupo kweli, niwajibu nini?

Muulize mama au baba kwanza. Kaskazini kwa kawaida ni mzee wa Krismasi anayeleta zawadi. Kusini mara nyingi ni Mtoto Kristo, na watoto husimuliwa hivyo kwa uzito wote. Wewe ambaye hukukua na masimulizi hayo unaweza kuyavunja kwa sentensi moja ya ukweli, na mtoto wa miaka mitano akalia siku nzima. Mwambie tu kwamba kwenu mambo hufanyika tofauti, kisha umsimulie jinsi yanavyofanyika.

Nitoe zawadi gani, nami nina fedha kidogo?

Pesa ya mfukoni ya au pair ni euro 280 kwa mwezi, na familia inalijua hilo kwa sababu ndiyo inayolipa. Hakuna anayetarajia kitu cha bei. Khanga yenye jina linalowafaa, ukiwaeleza maana yake. Karafuu za Unguja. Majani ya chai ya Kericho. Picha ya watoto uliyoipiga mwenyewe na kuiweka katika fremu: vyote hivi hupokelewa kwa furaha ya kweli. Kama bado hujasafiri, weka vitu viwili vitatu vya namna hiyo mkobani sasa.

Zawadi hufunguliwa hapohapo, mbele ya aliyeitoa. Kwetu wengi tungeona ni pupa, lakini huko ukiiweka kando bila kuifungua watadhani haikukupendeza. Ifungue, iangalie, ushukuru kwa jina la kila aliyetoa.

Je, ninalazimika kufanya kazi siku za sikukuu?

Kanuni za kawaida za au pair hazisimami kwa sababu ni Desemba. Kazi haizidi saa 30 kwa wiki wala saa 6 kwa siku, na unastahili angalau siku moja na nusu ya mapumziko kila wiki. Shule za watoto wadogo hufungwa kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, na wazazi wachovu hujikuta wakikuachia watoto asubuhi, kisha mchana, kisha na jioni, kila mara wakisema ni kwa muda mfupi tu. Andika saa zako kila siku. Kuwalinda watoto usiku wa tarehe 31 wakati wazazi wako kwenye sherehe ni kazi na huhesabiwa, na kama mmekubaliana ufanye kazi sikukuu, mkubaliane pia siku utakayopumzika badala yake.

Hata hivyo tofautisha kazi na ushiriki. Kuondoa vyombo mezani pamoja na wengine si kazi ya au pair. Kila mtu hufanya, hata babu. Kuachiwa jiko zima peke yako wakati wengine wanacheza karata ni jambo jingine, na unaweza kulisema siku inayofuata kwa upole.

Familia itasafiri bila mimi. Nifanyeje?

Hili hutokea, hasa kwa familia zinazokwenda milimani kuteleza kwenye theluji au kuwatembelea wazazi wa upande mmoja ambao nyumba yao ni ndogo. Chumba na chakula ni sehemu ya makubaliano yenu, kwa hiyo jadilini kabla hawajaondoka: je, wataacha jokofu limejaa au wataacha fedha za chakula? Funguo zote ziko wapi? Mtambo wa kupasha nyumba joto huendeshwaje, na ukizima nimpigie nani? Pesa ya mfukoni huendelea kulipwa hata unapokuwa likizoni.

Likizo ya au pair ni wiki 4 kwa mwaka. Wakikuchukua safarini ili uwaangalie watoto, hiyo si likizo yako, hata kama mandhari ni ya kupendeza. Wakikuchukua kama mgeni asiye na majukumu, inaweza kuwa likizo, lakini lazima mkubaliane hivyo kwa maneno ya wazi.

Usikubali kubaki peke yako tarehe 24 kwa sababu tu umeona aibu kusema. Sema. Kama safari yao haibadiliki, watafute mapema au pair wengine wa darasa lako la lugha. Karibu kila darasa lina Mkolombia, Mgeorgia au Mmadagaska aliye katika hali kama yako.

Mimi ni Mwislamu. Nitashiriki vipi?

Kwa kiasi unachokiona kinafaa. Hulazimiki kwenda kanisani, na familia yenye heshima haitakusukuma. Baadhi ya vijana kutoka Zanzibar na Mombasa hukaa nyumbani wakati wa ibada na kushiriki chakula, wengine huenda kusikiliza watoto wakiimba. Kila mmoja aamue kwa dhamiri yake.

Kwenye chakula ndiko kunakohitaji umakini. Soseji za saladi ya viazi aghalabu zina nguruwe. Mchuzi wa nyama huweza kupikwa kwa divai. Mkate mtamu wa Krismasi uitwao Stollen mara nyingi zabibu zake hulowekwa katika ramu, na peremende nyingi zina jelatini ya nguruwe. Wajerumani wengi wakisikia kwamba huli nguruwe hudhani hilo ndilo tu, kwa hiyo waeleze yote: kilevi ndani ya chakula, jelatini, na nyama isiyochinjwa kihalali. Maduka ya Waturuki, yanayopatikana karibu kila mji, huuza nyama na soseji za halali. Jitolee kwenda kununua mwenyewe kabla ya tarehe 24.

Naweza kuwapikia pilau?

Unaweza, na ningekuomba ufanye hivyo. Chagua siku tulivu kama tarehe 27 au 28, si tarehe 24 wala 25 ambazo jiko lina ratiba yake. Mchele mrefu, binzari nyembamba, iliki, mdalasini na karafuu hupatikana katika maduka ya Waasia na ya Waafrika. Pilipili iwe pembeni katika kachumbari. Kama unachoma chapati, fungua dirisha na ufunge mlango wa jiko, kwa kuwa vyumba vya kulala na korido huwa na ving'ora vya moshi ambavyo havitofautishi chapati na moto wa hatari. Ukimaliza, acha jiko kama ulivyolikuta, na uulize taka ipi inaingia katika pipa lipi.

Mama anataka kunitumia kifurushi. Kuna vizuizi?

Vipo. Nyama, maziwa na vitu vilivyotengenezwa kwavyo haviruhusiwi kuingizwa katika Umoja wa Ulaya kutoka nchi zetu, iwe kwa posta au mkobani. Matunda na mboga mbichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, ndizi, nazi, tende na duriani. Zawadi kati ya mtu na mtu isiyozidi thamani ya euro 45 haitozwi ushuru, lakini thamani na vilivyomo vyote viandikwe kwa ukweli. Kahawa ina kodi yake ya pekee Ujerumani, kwa hiyo kifurushi kisibebe zaidi ya nusu kilo. Atume mapema, kikizuiwa forodhani utaitwa ukakifuate mwenyewe.

Nyumbani wananiomba fedha za sikukuu na ada za Januari. Niwaambie nini?

Waambie kiasi unachopata. Ndugu wengi husikia neno Ulaya na kuona mshahara, ilhali euro 280 ni pesa ya mfukoni kwa mtu anayelishwa na kulazwa, na bado ina nauli, simu, nguo za baridi na sehemu ya ada ya kozi ya lugha ndani yake. Familia huchangia euro 70 kwa mwezi katika kozi hiyo. Kinachozidi ni chako. Mnaomtegemea kijana aliye huko, nawasihi msimfanye akope ili nyumbani kuonekane kuna mtu Ulaya. Akituma kidogo, ni kikubwa. Naye kijana asikubali kazi ya pembeni ya kulipwa taslimu ili kufidia, kwa sababu au pair haruhusiwi kufanya kazi nyingine, na kibali chake cha ukaazi kinaweza kufutwa.

Mbona najisikia mnyonge hata kama familia ni nzuri?

Mjini Berlin katikati ya Desemba jua huchomoza kama saa mbili na robo asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni, na mawingu huweza kulificha kwa siku kadhaa. Mwili uliozoea saa kumi na mbili za mwanga mwaka mzima huhisi tofauti hiyo kabla akili haijaielewa. Toka nje kila siku saa za mchana, hata kwa nusu saa, ukiwa umevaa vizuri. Tembea na watoto. Usikae na simu usiku kucha ukitazama picha za sherehe za nyumbani.

Unyonge ukiendelea kwa wiki kadhaa, ukikosa usingizi au hamu ya kula, mwambie mama mwenyeji, wakala wako au daktari. Ipo pia simu ya kusikilizwa ya TelefonSeelsorge, 0800 1110111, isiyolipiwa, inayopokelewa usiku na mchana.

Naweza kusafiri kwenda nchi jirani, au nyumbani?

Ukiwa na kadi halali ya ukaazi na pasipoti, unaweza kuzitembelea nchi nyingine za Schengen (nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao), Uswisi ikiwemo, hadi siku 90 katika kila siku 180. Uingereza inahitaji viza yake. Kama kadi yako inakaribia kuisha au iko katika kuhuishwa, usikate tiketi ya kwenda Dar es Salaam au Nairobi kabla ya kuiuliza Ausländerbehörde, yaani ofisi ya wageni inayotoa vibali vya ukaazi, kwa maandishi iwapo karatasi uliyonayo itakurudisha. Ofisi hizo nyingi hufungwa siku za kati ya Krismasi na Mwaka Mpya. Tiketi ya mwezi ya Deutschlandticket hutumika katika treni za mikoa na mabasi ya mijini, si katika treni za mwendo kasi.

Usiku wa Mwaka Mpya ukoje?

Ni kinyume cha tarehe 24: una kelele, marafiki na fataki. Familia nyingi huketi saa kadhaa kuzunguka jiko dogo la mezani, kila mmoja akiyeyusha jibini yake. Fataki huuzwa siku za mwisho wa mwaka tu, na kila mwaka watu hujeruhiwa. Simama mbali na wanaozirusha, na usiokote isiyolipuka. Saa sita usiku ya nyumbani ni saa nne usiku kwako, kwa hiyo unaweza kuupokea mwaka mara mbili: kwanza na wazazi wako kwa simu, kisha na wenyeji wako mtaani.

Nikiugua wakati kliniki zimefungwa?

Kwa ugonjwa usio wa kutishia maisha piga 116117, upelekwe kwa daktari wa zamu. Kwa dharura ya kweli au moto piga 112. Polisi ni 110. Maduka ya dawa hupeana zamu, na orodha ya lililo wazi hubandikwa kwenye mlango wa kila duka la dawa. Bima yako hulipwa na familia, lakini kadi au karatasi yake ikae kwako, pamoja na namba za simu za wazazi wenyeji, hasa kama wako safarini.